Usiku Stima Ilipopotea: Kisa cha Mtoto Mwenye Pumu, Mji wa Kale, Mombasa

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Mombasa. Mtoto wa kisa hiki nilimfuatilia kwa miezi sita, na jamaa zake wameridhia nikiandike. Majina sikuyaweka, na mambo madogo madogo, kama kazi ya mama, nimeyageuza. Mji wa Kale ni mahali ambapo ukitaja rangi ya mlango tu, watu washajua ni kwa nani.

Nimekichagua kwa sababu moja. Usiku ule ndani ya nyumba hapakukosekana inhela, ile pampu ya kuvutia dawa, hapakukosekana mashine ya mvuke wa dawa, wala hapakukosekana mtu wa kumhurumia mtoto. Na bado alifikishwa hospitali akiwa hawezi kumaliza kutaja jina lake.

Usuli

Mvulana, miaka 8, kilo 22. Wanaishi orofa ya pili ya nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe, zile kuta nene zinazonyonya mvua ya masika na kuota ukungu mweusi pembeni mwa dari. Baba yuko Arabuni kikazi. Mama hufanya kazi ya zamu hotelini, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Anayekaa na mtoto kutwa, anayempikia, anayemwandaa kwenda chuoni (madrasa) alasiri na kulala naye chumba kimoja ni bibi yake, mzaa mama, mwanamke wa miaka sitini na kitu anayeshona kofia za vito kwa mkono. Ishikeni hiyo kazi ya kofia, nitairudia.

Kikohozi cha usiku kilimwanza akiwa na miaka 3. Tangu hapo alitibiwa nimonia mara nne, na "kifua" mara zisizohesabika, kila safari akirudi nyumbani na chupa ya antibayotiki. Hadithi hii tunaisikia kila wiki. Nimonia huja na homa, ikitibiwa inakwisha. Haimrudii mtoto kila mvua inaponyesha na kumwacha akicheza mpira katikati. Kikohozi kinachorudi usiku, kinachoamshwa na mbio, kicheko, moshi au mafua, na kifua kinachopiga mluzi, hicho kitiliwe shaka ya pumu mapema. Huyu alishafika miaka 7 ndipo jina lenyewe likatajwa.

Akaandikiwa inhela mbili. Ya buluu ni salbutamol, mikrogramu 100 kwa kila mpulizo, ya kutumia akibanwa. Ya kahawia ni beclometasone, mikrogramu 50 kwa mpulizo, mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni, kila siku, awe mzima au mgonjwa. Katika pumu njia za hewa zimevimba ndani na misuli inayozizunguka ni myepesi kukaza. Ya buluu hulegeza misuli kwa dakika chache na nguvu zake huisha baada ya saa nne hadi sita. Ya kahawia hutuliza uvimbe wenyewe, polepole, kwa siku na wiki. Mtoto haihisi ikifanya kazi, na hapo ndipo inapopuuzwa.

Aliyemweleza mama haya yote ni mimi. Nilitumia kama dakika nne, foleni ikiwa imefika mlangoni. Kila nilichosema aliitikia "ndiyo, sista". Sikumuuliza usiku mtoto analala na nani.

Nyumbani maelezo yangu yalimfikia bibi kwa sentensi moja, mama akivaa viatu: "Hii ya buluu akibanwa, hii nyingine kila siku." Ya kila siku ilitumika wiki tatu. Mtoto akanenepa, akalala usingizi, na bibi akaona hakuna haja ya kumtia dawa mtoto mzima. Kisha ami yake mtoto akatuma mashine kutoka Dubai. Ikawekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kushonwa, kama redio za zamani. Kuanzia hapo, kila mtu mle ndani aliamini kwamba tiba ya kweli ni ile mashine; inhela zilikuwa vitu vya kubabaishia.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Mei, mwezi ambao Mombasa hunyeshewa zaidi ya mwezi mwingine wowote, usiku wa kuamkia Ijumaa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua. Baada ya magharibi bibi alifukiza udi kama desturi yake ya kila Alhamisi: chetezo kilipitishwa chumba hadi chumba, kisha kikawekwa chini ya kanzu na mabuibui yaliyotundikwa tayari kwa Ijumaa. Chini ya kitanda cha mtoto kulikuwa na koili ya mbu. Siku mbili kabla yake mtoto alikuwa ameshikwa na mafua. Mama alikuwa zamu ya usiku.

Saa tatu stima ikapotea.

Saa nne na nusu mtoto aliamka akikohoa. Bibi akampa kijiko cha syrup ya salbutamol, iliyobaki tangu enzi za "kifua". Saa tano na robo akamlambisha asali na habbat sauda, akampaka mafuta kifuani na mgongoni. Saa sita kasorobo mtoto alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Bibi akatafuta inhela ya buluu gizani, akaitikisa, akasikia imo, akamtia mdomoni na kubonyeza mara mbili. Ukungu wa dawa ukatokea puani.

Akampigia mwanawe simu.

"Mama, muwekeni mashine."

"Stima hakuna, mwanangu."

Mama aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo miguu ilipomwisha nguvu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na jambo la pili la kusema.

Saa sita na robo bibi alichemsha maji, akaweka sufuria mbele ya mtoto na kumfunika kichwa kwa kanga ili avute mvuke. Mvuke wa maji haufungui njia za hewa zilizokaza, na mtoto anayepigania pumzi hatulii chini ya nguo. Aliisukuma sufuria kwa goti. Maji ya moto yakamwagika sakafuni, shibiri moja kutoka mguuni mwake. Watoto wa kuungua kwa namna hii tunawaona sana, na kuungua kwenyewe hudumu kuliko kikohozi kilichokuwa kikitibiwa.

Karibu na saa saba alikuja kijana wa orofa ya chini. Alimbeba mtoto mgongoni akashuka naye ngazi, akapita vichochoro ambavyo tuktuk haiingii, mvua ikinyesha, hadi barabarani. Walifika hospitali saa nane kasorobo, muda wa saa tatu na robo tangu kikohozi cha kwanza.

Kwenye karatasi ya mapokezi imeandikwa: anasema neno moja moja, pua zinapanuka, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, oksijeni ya damu asilimia 88. Alipewa oksijeni, salbutamol kwa speisa (chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, dawa ikatulia humo kabla ya kuvutwa) kila dakika 20 katika saa ya kwanza ikichanganywa na ipratropium, dawa nyingine ya kufungua njia za hewa, na prednisolone ya kumeza, ya kutuliza uvimbe. Kulipopambazuka aliomba chai. Alilazwa usiku mmoja zaidi, akatoka na prednisolone ya kumalizia siku 5.

Angalieni kitu kimoja: hospitali yenyewe, yenye stima na mashine zake, ilimtibu kwa inhela na speisa. Kwa shambulio jepesi au la wastani, njia hiyo haishindwi na mashine.

Kikapu cha bibi

Siku nne baadaye walikuwa kwangu. Nilikuwa nimempigia mama simu na sharti moja: aje na bibi, na bibi aje na kila anachompa mtoto, hata cha kienyeji. Alikuja na kikapu cha ukindu akakimwaga mezani. Inhela tatu za buluu, ya kahawia moja, chupa nne za syrup za rangi mbalimbali, habbat sauda, mafuta, na vidonge ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani.

Tukahesabu. Inhela moja ina mipulizo 200. Ya kahawia, kwa mipulizo minne kwa siku, humalizika siku ya 50. Tangu aandikiwe ilikuwa imepita miezi mitano, kwa hiyo alipaswa kuwa anamaliza ya tatu. Iliyokuwa mezani ilikuwa ya kwanza. Za buluu kwa muda huohuo zilikuwa tatu. Mtu anayemaliza tatu za buluu kwa mwaka mzima tayari tunamhesabu kuwa katika hatari ya shambulio baya. Huyu alizipitia ndani ya miezi mitano, na hakuna mtu aliyegutuka, kwa sababu zilinunuliwa moja moja, kila moja kwa duka lake.

Na ipi ndiyo aliyoitumia bibi usiku ule? Zote tatu zilifanana, na zote tatu ukizitikisa zinasikika zimo. Gesi inayosukuma dawa hubaki hata dawa ikisha, kwa hiyo kuitikisa hakukwambii kitu, na ule mtindo wa kuiweka majini uone kama inaelea nao pia si wa kutegemea. Inawezekana kabisa mtoto alivutishwa gesi tupu.

Nikampa mtoto inhela ya mazoezi anionyeshe. Alitanua mdomo, akabonyeza, na papo hapo akapumua kwa nje. Kiwingu kikatoka kwenye pembe za midomo kama mvuke wa chai. Miezi mitano yote hakuna aliyekuwa amemtazama.

Kisha nikanyamaza, bibi akasema yake.

"Mwanangu, hii pampu yenu yazoesha. Nimeona watu, wakishaishika hawaiwachi mpaka kaburini. Na huyu nikimpa, moyo wamdunda, mikono yamtetemeka. Kitu cha kumdunda mtoto moyo ndicho nimpe kila siku?"

Wengi wetu hapa hujibu kwa ukali, au kwa tabasamu la kumvumilia mzee. Lakini alichokiona alikiona sawasawa. Salbutamol huharakisha moyo na kutetemesha mikono. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ya kahawia nayo ni hivyo, na kwamba syrup ni mpole kwa sababu ni tamu. Nikamgeuzia chupa. Kijiko cha mililita 5 kina miligramu 2, yaani mikrogramu 2,000. Mpulizo mmoja wa inhela ni 100.

"Kwa hivyo kijiko kimoja ni pampu ngapi, bi mkubwa?"

Alipiga hesabu kwa vidole, kimyakimya, kama ahesabuvyo matundu ya kofia. "Ishirini?"

"Ishirini. Na zote zazunguka tumboni na kwenye damu kwanza, ndipo zifike kifuani, zimechelewa."

Aliziondoa zile syrup mezani moja moja, akazitia kwenye pipa la taka mwenyewe. Sikumwambia azitupe.

Tulivyoamua, na kwa nini

Uamuzi mkubwa ulikuwa kumfanya bibi kuwa mwenye dawa. Mama asiwe tena mpitishaji wa maagizo. Bibi ndiye aliyekuwa na mtoto, na ndiye mwenye chetezo, mwenye kitanda na mwenye kauli mle ndani. Mama alionekana kupumua. Nafikiri alikuwa amechoka kuwa mkalimani kati ya kliniki na mamake.

Pili, speisa. Za dukani zilikuwa ghali kwao mwezi ule. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet uliwalinganisha watoto waliobanwa na pumu: chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na speisa ya dukani, isiyozibwa ilipungua nguvu, na kikombe cha polistirini kikawa cha mwisho. Tukatengeneza hapohapo. Waya mnene tuliukunja kwa umbo la mdomo wa inhela, tukaupasha moto, tukatoboa kitako cha chupa. Inhela inaingia kwa kukaza, na mwanya wowote pembeni unazibwa kwa gundi. Mtoto anafunga midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa inhela, mpulizo mmoja, avute na kutoa pumzi taratibu mara sita. Tikisa tena, wa pili. Kamwe si miwili kwa pamoja. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, kwa sababu kuifuta kwa kitambaa kunaitia plastiki ile nguvu ya kunata na dawa hugandia ukutani. Bibi aliniondoshea waya mkononi katikati ya kazi. Nilikuwa natoboa vibaya.

Ya kahawia ikarudi kwa kipimo kilekile, kwa chupa, na kusukutua mdomo kila baada yake ili asiote utando mweupe ulimini. Mama aliuliza kama haitamdumaza. Nilimjibu kwamba dawa hizi huweza kupunguza urefu kwa kama nusu sentimita katika mwaka wa kwanza, na kwamba pumu isiyotulizwa nayo inadumaza. Tukakubaliana kumpima kimo kila anapokuja.

Mpango wa hatua tunao wa karatasi, wenye rangi tatu. Bibi aliutazama akasema rangi hazimwambii kitu. Akaupa majina yake: siku njema, siku ya kuchunga, siku ya mbio. Siku njema ni ya kahawia tu. Siku ya kuchunga ni anapokohoa usiku, anapopiga mluzi, au anapoacha mchezo na kukaa: ya buluu mipulizo miwili hadi minne kwa chupa, kisha atazamwe, akiihitaji tena kabla ya muda wa saa nne kupita, aletwe. Siku ya mbio ni asipoweza kumaliza sentensi, mbavu zikiingia, midomo ikififia rangi, akisinzia bila sababu, au ya buluu isipomshika: mipulizo sita, mmoja mmoja, na watu washashika njia, irudiwe kila dakika 20 mpaka mlango wa hospitali. Hivi ni vipimo vya mtoto huyu. Kila mtoto huandikiwa vyake.

Njia yenyewe tuliichora: kichochoro cha kutokea, nambari za madereva wawili wa tuktuk wanaolala karibu, na pesa za nauli ndani ya kopo lisilofunguliwa kwa jambo jingine. Kijana wa chini akaelezwa na kukubali. Sehemu hii ilichukua dakika kumi, na ningepewa nafasi ya kubakisha kitu kimoja tu katika mpango wote, baada ya dawa yenyewe, ningebakisha hii.

Mwisho, daftari. Nilimwomba bibi aandike kila siku ya kikohozi na kila mpulizo wa buluu.

Miezi sita

Mwezi wa kwanza alinirudishia daftari ambalo sikuweza kulisoma. Lilikuwa la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, mistari iliyonyooka kama mshono. Mtoto, ambaye chuoni amefika mbali kuliko nilivyojua, alinisomea ugonjwa wake mwenyewe kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Jumatano, hakukohoa. Alhamisi, yuwakohoa baada ya isha, pampu mbili. Ijumaa alfajiri, pampu mbili..."

Siku za kikohozi zilikuwa 11. Saba kati yake zilikuwa Alhamisi usiku au Ijumaa. Sikusema neno. Bibi ndiye aliyesema, na hakuufurahia ugunduzi wake: "Ni udi, siyo?"

Niliwahi kuwaambia watu waache kufukiza, na najua walivyonitazama. Udi na ubani ni heshima ya nyumba na ya mgeni, na ndiyo harufu ya Ijumaa. Bibi hakuacha. Alikihamisha chetezo kikapanda juu darini penye uwazi, nguo zikafukiziwa huko wakati mtoto yuko chuoni, zikaachwa zipigwe upepo kabla ya kushushwa. Koili ya mbu iliondoka siku ileile, ikaja chandarua.

Paka naye aliondolewa, kwa shinikizo la mama aliyesoma mahali kwamba paka ndio chanzo. Alipewa jirani wa chini. Kila asubuhi yuko juu ngazini akingoja dagaa. Daftari halikuonyesha tofauti yoyote kati ya siku za paka na zisizo za paka. Godoro la sufi lilianikwa juani kwa juma zima, nalo pia sikuona lilichobadilisha.

Mwezi wa pili kulitokea jambo ambalo nusura lituharibie kila kitu. Kulikuwa na wageni, bibi akafukiza ndani, na mtoto hakukohoa hata mara moja. Alikuja kliniki akiwa na uso wa ushindi. "Mwaona? Si udi." Ilinibidi nifikiri kabla ya kujibu. Mtoto wakati huo alikuwa na wiki saba mfululizo za ya kahawia. Uvimbe ulikuwa umetulia, na moshi uleule uliokuwa ukimwangusha sasa ulimpita. Nikamwuliza kama kitambaa kipya na kitambaa kilichochakaa huchanwa na sindano ileile kwa namna moja. Hakujibu, lakini Alhamisi iliyofuata chetezo kilirudi darini.

Mwezi wa tatu ya kahawia iliisha. Pesa kutoka Arabuni zilichelewa, duka la kwanza halikuwa nayo, na zikapita siku tisa. Siku ya saba kikohozi cha usiku kikarudi. Hili ni kosa la mpango wangu: daftari lilihesabu ya buluu, halikuhesabu ya kahawia. Sasa tarehe ya siku ya 40 imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kila inhela mpya, ili siku kumi zibaki za kutafuta pesa.

Shuleni tulishindwa. Inhela ya buluu na chupa vilipelekwa na barua yangu. Vikafungiwa kabatini ofisini, kwa nia njema, na ufunguo una mtu mmoja. Mwezi wa nne mtoto alibanwa uwanjani wakati mwenye ufunguo yuko mkutanoni, na mwalimu akamkalisha kivulini kwa nusu saa. Alipona kwa bahati. Mama amezungumza nao mara mbili; sasa mtoto huibeba mwenyewe ndani ya mfuko wa madaftari, jambo ambalo shule hailijui rasmi.

Mwezi wa tano palikuwa na harusi. Ukumbi ulijaa udi, kanga na watu, na saa nne usiku mtoto akaanza kupiga mluzi. Bibi alimtoa nje barazani, akatoa chupa kwenye mkoba, akampa mipulizo minne mmoja mmoja huku akihesabu pumzi kwa sauti, na wanawake wa harusi wamemzunguka wakitazama. Baada ya robo saa mtoto aliomba pilau.

Kwa miezi sita hakulazwa tena. Siku za kikohozi zilishuka kutoka 11 mwezi wa kwanza hadi 2 mwezi wa tano. Inhela ya buluu iliyofunguliwa siku ya kikapu bado haijaisha.

Uchambuzi

Nikijiuliza nini hasa kilimtuliza mtoto huyu, jibu la haraka ni ya kahawia, na sidhani kama kuna jibu bora. Udi, koili, masika na mafua vyote vilipungua katika majuma yaleyale dawa ilipoanza kushika, kwa hiyo siwezi kumgawia kila mmoja fungu lake. Zile siku tisa ndizo zinazoniongoza: chetezo kilikuwa darini, chandarua kilikuwepo, na kikohozi kikarudi kwa kukosekana dawa peke yake.

Lakini dawa hiyo ilikuwa kwenye nyumba hiyo miezi mitano bila kufanya kitu. Kilichoigeuza ni mwenye kuishika. Bibi hakuhitaji kuelimishwa kwa jumla. Alihitaji kusikilizwa kwa hofu moja, kuonyeshwa hesabu moja, na kupewa kazi aliyoiweza kuliko mimi. Mwanamke anayehesabu matundu ya kofia ya vito kutwa hawezi kushindwa na mipulizo minne. Kosa la kwanza katika kisa hiki liko kwenye zile dakika nne zangu, kabla ya mvua na kabla ya stima. Siku hizi swali langu la kwanza kliniki ni usiku mtoto analala na nani, na huyo ndiye ninayemwita.

Mashine ya Dubai ilidhuru kwa njia ya pembeni. Mwili wa mtoto haikuugusa. Iliwafanya watu wazima wasijifunze kitu kingine. Imebaki juu ya kabati na kitambaa chake, na sijawaambia waiuze.

Paka na godoro vilitugharimu wiki tatu za maneno na ugomvi mdogo kati ya mama na bibi. Ningeanza upya, ningeanza na dawa na chupa, ningengoja daftari liseme, kisha ndipo niguse vitu vya nyumba, na kwa kimoja kimoja.

La shule halijatatuliwa, na sitaki lionekane limetatuliwa kwa sababu tu mtoto anabeba inhela kwa siri.

Na liko jipya. Wale wanawake wa harusini walimwendea bibi mmoja mmoja. Wiki jana alinieleza, kwa fahari, kwamba ameshatengenezea watoto watatu wa mtaa chupa. Nilimwomba anionyeshe moja aliyokuwa nayo mkobani. Kitako kilikuwa kimetobolewa kipana, inhela inacheza ndani, gundi hamna. Ukibonyeza, nusu ya dawa inarudi mkononi. Na hao watoto watatu hakuna aliyejua kama wana pumu au wana kifua kikuu. Nimemwambia aje Jumatatu na chupa zote, na watoto wenyewe, na bibi zao.